Jema Moja la Aurelia

Kama ulipita Mchombe miaka ile ya hamsini na kitu, ukasikia mwanamke anagombana na bata kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto, basi Aurelia umemjua. Mimi niliishi naye ua kwa ua miaka kumi na minne, na minne kati ya hiyo sikumsemesha ila kwa kupitia kwa Mungu. Ndiyo, umesoma vizuri, na nitaeleza.

Jina langu ni Konsolata. Watu waliniita Mama Kelestini, na pale kigangoni kwetu mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo na kuwaongoza akina mama. Nayasema haya mapema ili ujue kuwa nilikuwa mtu wa mbele. Mtu wa mbele akijikwaa, walio nyuma wote wanamwona.

Aurelia alizaliwa kule milimani, upande wa Mahenge, akashuka bondeni kuolewa na Valeriani. Alikuja kwa miguu, jembe begani, na siku alipovushwa mto alimwambia mwenye mtumbwi kwamba mtumbwi wake unavuja kwa sababu aliuchonga akiwa amelewa. Ilikuwa kweli! Lakini ndiyo salamu yake ya kwanza kwa watu wa bondeni, na bondeni salamu haisahauliki. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua ndefu, na hakuna mwanaume wa kijiji kile aliyemwacha nyuma kwa kulima. Padre wetu, mzungu mpole aliyekuja kila baada ya wiki sita kwa pikipiki, siku moja alihubiri kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Baada ya misa Aurelia alimfuata mlangoni. "Baba, mahubiri mazuri sana," akamwambia, "ila mimi sikuelewa hata neno moja." Padre alicheka mpaka ndevu zikatikisika. Sisi wengine hatukucheka, maana kila mmoja wetu alikwishaonja ulimi ule.

Ukienda kwake kuomba chumvi, utapewa. Lakini kwanza utaambiwa kwamba mwanamke anayeishiwa chumvi mara mbili kwa mwezi ni afadhali angebaki kwao. Unarudi nyumbani na chumvi mkononi na tusi moyoni. Chumvi inaishia kwenye mboga, tusi linabaki.

Basi sikiliza mambo ya kigangoni. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, na paa la nyasi. Padre asipokuwapo, yaani Jumapili nyingi, na masika yote maana njia ilikuwa inazama, ibada iliongozwa na katekista wetu Severini, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza na subira ya ajabu. Baada ya rozari aliuliza, "Nani ana nia?" Mwenye nia alisimama, akamtaja anayetaka aombewe na kwa jambo gani, nasi sote tukaitikia, "Twakuomba utusikie."

Hapo ndipo shetani alipopewa kiti, na aliyempa kiti ni mimi. Bata wa Aurelia waliingia shambani kwangu wakakanyaga miche ya mpunga. Badala ya kwenda kwake nikamwambia kama jirani, nilingoja Jumapili. Nikasimama, nikafumba macho, nikasema kwa sauti ya utakatifu, "Tumwombee jirani mmoja, jina simtaji, Mungu amjalie kujua kwamba bata wanafugwa, hawaachiwi kama nzige." Kanisa zima likaitikia, "Twakuomba utusikie!" Nilikaa nimeridhika kama mtu aliyekula akashiba.

Jumapili iliyofuata Aurelia alisimama. Hakufumba macho. "Tumwombee mwanamke mmoja," akasema, "anayeanzisha nyimbo juu mno kwa kuringa, halafu wenzake wanaumia koo." Watu wakaitikia, na wengine walikuwa wanajiziba midomo. Eh! Kutoka siku hiyo mlango ulifunguka. Mtu aliyenyimwa mundu akamwombea aliyemnyima. Mtu akamwombea shemeji yake aache kuonja pombe ya harusi kabla ya harusi. Bwana mmoja alimwombea mke wake, mke amekaa palepale, apate kujua kwamba mchele huoshwa kabla ya kupikwa. Watu walianza kuwahi kanisani kuliko wakati wowote, na siyo kwa sababu ya rozari.

Severini alivumilia miezi mingi. Halafu Jumapili moja, mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na saba, alisimama mbele, akafunga kitabu chake cha sala, akatutazama mmoja mmoja. "Ndugu zangu," akasema, "hapa tunapigana kwa ngumi za sala. Kuanzia leo, hakuna atakayemwombea mtu katika nyumba hii mpaka kwanza aseme jema moja ambalo mtu huyo amemtendea. Si jema alilosikia. Alilotendewa yeye mwenyewe, na amtaje kwa jina. Asiye na jema la kusema akae chini, akalitafute."

Jumapili ile hakusimama mtu! Tuliimba, tukaenda nyumbani, tumenywea. Ya pili vilevile. Ya tatu akasimama Natalia, mama mjane mwenye sauti ndogo, akasema, "Namshukuru Pantaleo. Mwaka jana mtoto wangu alipougua, alinilindia mpunga wangu nguruwe wasiingie, siku tisa, na sikumwomba. Namwombea mguu wake upone." Pantaleo alikuwa mvuvi mnene, mtu wa kubishana na viboko. Aliinamisha kichwa akalia mbele za watu. Jamani, vile kanisa lilivyoitikia siku ile! Nyasi za paa zilisikia.

Tangu hapo mambo yakageuka juu chini. Watu walipekua mioyo yao kama mtu anayepekua sanduku, wakakuta vitu walivyosahau kuwa navyo. Kuna aliyeshukuru kwa kaa la moto. Kuna aliyeshukuru kwa kushikiwa mtoto siku moja tu, miaka sita iliyopita. Na sitakuficha, wengine walianza kutenda mema makusudi ili watajwe. Eustaki, fundi wa kusuka mikeka, alimpelekea kila mjane mkeka, halafu Jumapili akakaa mstari wa mbele akikohoakohoa. Tulimtaja. Mkeka ni mkeka. Mimi mwenyewe nilishukuriwa mara saba, nami nikashukuru watu ishirini na zaidi, na nyimbo nilizianzisha juu kweli kweli kwa furaha.

Mtu mmoja tu hakutajwa. Aurelia alikaa nyuma karibu na mlango, kila Jumapili, mikono juu ya magoti. Hakumshukuru mtu na hakuna aliyemshukuru. Kwa sehemu ni kwa sababu ya ule ulimi, maana mema yake yote yalikuwa yamefungwa ndani ya matusi, na nani atasimama kanisani kufungua kifurushi cha namna hiyo? Lakini kwa sehemu kubwa ni kwa ajili yangu. Akina mama walikuwa upande wangu katika ugomvi ule, wakaona kumsifu Aurelia ni kunitukana mimi. Nilijua hivyo na nikanyamaza.

Sasa nikuambie ambalo hakuna aliyelijua. Ugomvi wangu na Aurelia haukuanza kwa bata.

Mwaka wa hamsini na tatu mvua ilitutupa mkono. Tulikula mpunga, tukala mizizi, na mwisho nikafanya lile ambalo mkulima wa bondeni halifanyi: niliwapikia watoto mbegu. Mvua zilipokaribia tena sikuwa na punje ya kupanda, na mume wangu Dionisi alikuwa mbali, kwenye kazi ya mkonge. Kuomba niliona aibu. Kila mtu alikuwa anahesabu punje zake. Halafu mama yake Pantaleo akafariki, kijiji kizima kikaenda kuzika, saa sita mchana. Mimi nilisema mtoto wangu ana homa. Nikaingia ghalani kwa Aurelia na kikapu, nikajaza nusu debe ya mbegu.

Nilipokuwa natoka nikasikia hatua. Nikachungulia kwenye upenyo wa fito. Aurelia alikuwa amesimama uani, hatua kumi tu kutoka mlango wa ghala, ananitazama. Kikapu kilinitoka kidogo mkononi, punje zikamwagika. Alitazama, akatulia hivi, kisha akageuka, akaenda zake alikotoka. Nilikimbia kupitia migomba.

Mbegu zile zilikubali. Watoto wangu waliishi. Nami kila siku nilingoja Aurelia aseme, na hakusema, si kwangu, si kwa mtu yeyote, yeye ambaye hakuwahi kuficha neno hata la Padre! Alinisalimu kama kawaida. Kila aliponisalimu niliona mbegu machoni pake. Ningeweza kumshukuru, lakini badala yake nikaanza kumchukia. Mtu aliyekuona ukiwa mwizi na asikushitaki ni mzigo mzito kuliko askari. Ndipo bata walipokanyaga miche yangu, nami nikashukuru kimoyomoyo kwamba nimepata sababu.

Basi, baada ya Pasaka ya hamsini na saba, Aurelia alianza kuumwa tumbo. Lilivimba upande mmoja, likawa gumu. Alilima nalo, akapika nalo, mpaka Jumatatu moja akaanguka jikoni. Lori halikuweza kupita, njia yote ilikuwa matope. Wanaume walifunga machela wakambeba hadi mtoni, apelekwe kwa mtumbwi hospitali ya Ifakara, na Valeriani akaenda naye. Walipopita mbele ya ua wangu nilisimama nyuma ya ugo. Nilingoja nimsikie akiwagombeza wabebaji kwamba wanamtikisa. Hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa, niliogopa kweli.

Jumapili ya wiki hiyohiyo tulikuwa katikati ya rozari, mara tukasikia kishindo mlangoni. Akaingia Ponsiano, mchuuzi wa samaki wakavu, matope mpaka kiunoni, baiskeli begani. Baiskeli ilimbeba mpaka njia ilipozama, na baada ya hapo yeye ndiye aliyeibeba. Alikuwa ametoka Ifakara tangu Ijumaa asubuhi.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema, anahema.

"Milele amina!"

"Natoka kwa Mama Justa," akasema, maana ndilo jina la mtoto wa kwanza wa Aurelia. "Daktari amesema ana uvimbe ndani. Lazima apasuliwe. Kesho asubuhi." Kanisa lote likaguna. Kupasuliwa wakati ule kwetu lilikuwa neno la kuagana. "Ameniambia nipige mbio nifike kabla hamjatawanyika. Amesema hivi: waambie kigango waniombee. Na kama hakuna aliye na jema la kusema, basi wanyamaze, mimi sitaki sala ya uongo."

Ponsiano akatua baiskeli. Severini alifunga kitabu. Sauti yake ilikwaruza kuliko siku zote. "Mmesikia. Nani ana nia?"

Kimya.

Natalia aliinuka nusu, akanitazama, akakaa. Pantaleo alitazama miguu yake. Mwanamke mmoja akageuza shingo akaniangalia, halafu mwingine, halafu mstari mzima wa akina mama. Walikuwa wanangoja mimi nitoe ruhusa! Walidhani bado nimekaa na wale bata moyoni. Na mimi nilikuwa na jema la Aurelia, jema kubwa kuliko chumvi na mikeka ya kijiji kizima, nimelikalia miaka minne. Ila lilikuwa na upande wa pili. Nisingeweza kulitoa bila kujitoa mwenyewe, mbele ya mume wangu, mbele ya watoto wangu, mbele ya akina mama niliowafundisha amri ya saba, Usiibe.

Nilijiambia, atasimama mwingine. Hakusimama. Nilijiambia, nitamwombea kimoyomoyo. Halafu nikamwona Aurelia juu ya ile machela, kimya, nikaona kwamba anaweza kufa kesho akiamini hakuna hata mmoja mwenye jema lake la kusema. Miguu iliinuka yenyewe.

"Mimi nina jema," nikasema, na sauti haikuwa ile ya nyimbo. "Mwaka wa njaa niliingia ghalani kwa Aurelia nikaiba mbegu. Siku ya maziko ya mama yake Pantaleo. Nusu debe. Aliniona kwa macho yake. Akageuka akaenda, hakupiga yowe, hakumwambia mtu mpaka leo. Watoto wangu waliishi kwa mbegu zile. Mimi nikamlipa kwa kumtukana mbele ya Mungu."

Dionisi alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwanangu Kelestini alinitazama kama hanijui. Nilingoja jiwe la kwanza.

Severini hakushangaa, au kama alishangaa aliumeza mshangao wake. Alisema tu, "Hilo ni jema lake, Mama Kelestini. Tumelisikia. Na nia yako ni nini?"

"Apone," nikasema. "Apone tu!"

"TWAKUOMBA UTUSIKIE!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile kabla wala baada. Na kabla haijaisha Natalia alikuwa amesimama: "Alinipa chumvi mwaka mzima, alinitukana mwaka mzima, na hakuninyima hata siku moja!" Pantaleo akasimama: "Alimwosha mama yangu marehemu wakati wengine waliogopa ugonjwa wake." Eustaki akasimama, na safari hii hakukohoa: "Ni yeye peke yake aliyeniambia usoni kwamba pombe itaniua. Nyote mlikuwa mnanywa nami. Niliacha kwa ajili yake." Wakasimama wawili wawili, watatu watatu, Severini akawa anapunga mkono wapokezane, na vifurushi vyote vya Aurelia vikafunguliwa siku ile, tusi likatupwa pembeni, jema likaonekana. Tuliomba mpaka jua la utosi. Watoto walilia njaa na hakuna aliyejali.

Tulipotoka nje, akina mama waligawana siku za kwenda kuamia ndege kwenye mpunga wake, maana ulikuwa umeanza kukomaa na ndege hawangoji mgonjwa apone. Wengine walinipita bila kunisalimu. Natalia alinishika mkono. Dionisi alikuja, akasimama mbele yangu.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambiaje?"

Akatikisa kichwa. "Nenda Ifakara ukamwambie mwenyewe. Mimi nitabaki na watoto."

Saa ileile Pantaleo alishusha mtumbwi. Tuliondoka watatu, yeye, Natalia na mimi, na kuku wawili na kikapu cha mchele. Mto ulikuwa umejaa, unakimbia na magogo na visiwa vya nyasi, na Pantaleo alikuwa anapiga kasia huku anawatukana viboko kwa Kindamba. Mimi nilikaa katikati nikiimba Salamu Maria moja baada ya nyingine, kwa sauti, na nilipochoka Natalia alipokea. Siku ya Jumatatu asubuhi hatukula. Tulijua ndiyo saa ya kisu. Pantaleo aliacha kasia, mtumbwi ukaenda na maji, tukaomba wote watatu tukielea hivyo, mpaka alipoona gogo linatujia, akapiga "Amina" kwa haraka na kushika kasia.

Tulifika Ifakara Jumatano. Nilipanda kutoka mtoni mpaka hospitali karibu nikikimbia, kuku wanapiga kelele kwapani. Sista mmoja alitukuta mlangoni. Nilishindwa kuuliza, Natalia akauliza.

"Yule mrefu wa Mchombe?" sista akasema. "Yu hai. Jana aliniambia uji wetu una madonge."

Natalia na mimi tulipiga vigelegele palepale, sista akatuwekea kidole mdomoni. Hai! Nilikuwa nataka kumkumbatia sista, kuku na wote.

Aurelia alikuwa amelala kwenye kitanda cha mwisho, amekonda, midomo imekauka, na Valeriani amekaa kwenye kigoda pembeni. Aliponiona alifumbua jicho moja.

"Mama Kelestini," akasema kwa sauti ya chini. "Umefuata nini? Bata wangu wamerudi shambani kwako?"

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia yote. Ghala, kikapu, jinsi alivyonitazama, jinsi alivyogeuka. Nikamwambia nilivyosimama kanisani. Nikamwambia asante, neno lililokaa kwenye koo langu miaka minne, na nikaomba msamaha. Alinisikiliza amefumba macho.

"Nilikuona wapi?" akauliza.

"Uani kwako. Ulisimama, ukatazama mlango wa ghala, ukageuka."

"Siku tuliyomzika mama yake Pantaleo?"

"Ndiyo."

Alikunja uso, akafikiri. "Nilikuwa natoka makaburini," akasema polepole. "Nimefika uani ndipo nikakumbuka kwamba sijanawa. Mtu haingii nyumbani na udongo wa kaburi. Nikarudi mtoni kunawa." Akafumbua macho yote mawili. "Mama Kelestini, mimi sikuona mtu."

Valeriani aliruka kutoka kwenye kigoda. "Kumbe mbegu zile!" akapaza sauti. "Mwanamke huyu alisema nimempelekea dada yangu kule Uchindile! Nikaapa, hakunisikiliza. Alinipikia uji miezi mitatu. Miezi mitatu, uji mtupu, mwanaume mzima!"

Aurelia akaanza kucheka. Alijishika tumbo, akalia kwa maumivu, akacheka tena, machozi yakamtoka, sista akaja akatuonya kwamba nyuzi zitafumuka. Pantaleo na Natalia walicheka mlangoni. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimepiga magoti palepale.

"Basi nimesema uongo kanisani," nikasema. "Nimewaombesha watu kwa jema ambalo halipo."

Kicheko chake kilikatika.

"Wangapi walisikia?"

"Kigango kizima."

"Na waliomba?"

"Mpaka jua la utosi."

Kisha akasema, taratibu, maana pumzi ilikuwa fupi, "Ningekuona siku ile ningepiga yowe mpaka watu wa Mahenge wangeteremka. Nisingegeuka hata kidogo. Mimi najijua. Sasa watu wameniombea kwa jema hilo, na Mungu amenirudisha. Siwezi kumwacha Severini aonekane ameombea uongo. Inuka."

Niliinuka.

"Toka nje. Halafu simama hapo mlangoni, na hicho kikapu chako cha mchele."

Natalia alinipa kikapu. Nilitoka, nikasimama mlangoni, nimekishika kwa mikono miwili, sijui nifanye nini. Aurelia aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Alinitazama, uso mpaka kikapu, kikapu mpaka uso, bila kupepesa, akahakikisha ameniona. Kisha akashika ukingo wa kitanda na kuanza kugeuka. Valeriani alitaka kumzuia, akamsukuma mkono. Alivuta bega, akavuta kiuno, jasho likamtoka usoni kwa maumivu ya zile nyuzi, akageuka kidogo kidogo mpaka akawa amenipa mgongo na kuutazama ukuta.

"Haya," akasema. "Nimekuona, na nimegeuka. Nenda na mbegu zako."

Nilibaki mlangoni nalia kwa sauti, na sista akaja kunifukuza.